Kabla ya Kukubali Tani Mbili za Mishiri

Simu huita mchana, saa tisa hivi. Upande wa pili ni msimamizi wa kiwanda cha kufungasha mboga karibu na uwanja wa ndege wa Nairobi. Ana tani mbili za mishiri, yale maharagwe machanga ya kijani, ambazo hazitapanda ndege ya usiku kwenda Ulaya. Anauliza kama benki ya chakula, yaani ghala linalopokea chakula cha ziada na kukigawa kwa shule na vituo vya wenye njaa, itazichukua. Chumba chake cha baridi kinasubiri mzigo wa kesho, kwa hiyo jibu analitaka sasa hivi.

Wengi wanaotamani kazi ya kuongoza benki ya chakula hudhani jibu lipo wazi. Chakula kipo, wenye njaa wapo, kilichobaki ni lori. Lakini uongozi wa benki ya chakula wote umo kati ya simu hiyo na jibu lake. Mtu amekomaa katika kazi hii siku anapoweza kusema hapana, akaisema mapema, na mtoaji akapiga tena wiki ijayo.

Swali la kwanza ni moja tu: mzigo umekataliwa kwa sababu gani? Soko la Ulaya hupanga mishiri kwa unene. Ile nyembamba kabisa haizidi milimita 6, daraja linalofuata haizidi milimita 9. Iliyopinda kama mundu, iliyonenepa kidogo, au iliyo fupi kuliko inavyotakiwa na duka, hubaki. Hiyo ni mboga safi na ichukuliwe bila kusita. Ila mzigo unaweza kuzuiwa pia kwa mabaki ya dawa za wadudu. Mwaka 2013 Umoja wa Ulaya uliongeza ukaguzi wa maharagwe na njegere za maganda kutoka Kenya kwa sababu hiyo hiyo. Mishiri ya namna hii inang'aa sawa na nyingine na hakuna jicho linaloweza kuitambua. Mkulima akichuma kabla siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa hazijaisha, na dawa ikiwa ni ya kuingia ndani ya mmea, kuosha kwa maji hakuiondoi.

Kwa hiyo sababu iandikwe. Mistari minne inatosha: namba ya shehena, shamba, tarehe ya kuchumwa, na kwa nini haikusafiri. Anayetoa kwa nia njema haoni tabu kuandika mistari minne. Anayesita kuandika, mzigo wake uache pale ulipo, hata kama wiki hiyo ghala lako ni tupu. Mtoto wa shule hana maabara ya kumlinda. Amebaki na wewe.

Swali la pili ni joto. Mishiri hukaa vizuri kwenye nyuzi 5 hadi 7, siku 8 hadi 12 tangu kuchumwa kama hewa ina unyevu wa kutosha. Chumba cha baridi kikiwekwa chini ya nyuzi 5, kama ambavyo wasiojua hufanya wakidhani baridi zaidi ndiyo salama zaidi, maganda hutoka madoa ya kutu siku moja au mbili baada ya kutolewa. Ikiachwa nje kwenye joto la mchana, huna zaidi ya siku mbili, tatu. Na mboga iliyochumwa bado inapumua, na kupumua kwake kunatoa joto. Chukua gunia la mishiri lililokaa juani kwenye lori kwa saa nne, ingiza mkono hadi katikati. Utakuta vuguvugu kama la uji ulioanza kupoa. Kesho yake maganda ya katikati yana ute, harufu imeanza uchachu, na utando mweupe kama pamba unatambaa kutoka ganda moja hadi jingine.

Dawa yake ni kreti. Kreti ya plastiki yenye matundu, ijazwe kilo 15 tu ingawa inameza zaidi, ili ile ya juu isikandamize mboga ya chini na hewa ipite katikati. Tani mbili kwa kilo 15 ni kreti 134. Je, unazo kreti 134 tupu leo saa tisa? Mizigo mingi huoza kwa kukosa kreti, na lori lipo. Ndiyo maana benki makini huhesabu kreti kama inavyohesabu chakula, na kituo ambacho hakijarudisha zile za wiki iliyopita hupakiwa kadiri ya kreti zilizorudi. Sheria hii huonekana ya ukali mpaka siku unapozihitaji zote.

Halafu ije hesabu ya vinywa. Hapa viongozi wapya hujidanganya wenyewe, kwa sababu ripoti za wafadhili zinapenda kilo. Gramu 100 za mishiri zina kalori 31 hivi. Tani mbili zote ni kalori 620,000. Ukichukua kipimo kinachotumika katika misaada ya dharura, kalori 2,100 kwa mtu kwa siku, mzigo mzima hautoshelezi hata watu 300 kwa siku moja. Tani mbili za unga wa mahindi zingewatosha watu wapatao 3,400. Kilo ni zile zile kwenye ripoti, lakini tumboni ni mbali kama mbingu na ardhi. Hii haina maana kwamba mishiri haina kazi. Inaleta vitamini, nyuzinyuzi na rangi kwenye sahani ambayo wiki nzima ilikuwa ugali mtupu. Ina maana tu kwamba ni kitoweo, na ipangwe kama kitoweo.

Kama kitoweo, kila mtoto apate gramu 100. Toa asilimia 10 itakayochambuliwa na kutupwa, unabaki na kilo 1,800, yaani sahani 18,000. Shule yenye watoto 400 inamaliza kilo 40 kwa mlo mmoja. Shule haina friji, kwa hiyo usiipe zaidi ya milo miwili, kilo 80. Unahitaji shule ishirini na mbili au ishirini na tatu za ukubwa huo, zote zipike kesho na keshokutwa. Unazo? Kama unazo kumi, chukua kilo 800, na umwambie msimamizi wa kiwanda papo hapo: "Kilo 800 naziweza, zilizobaki mpigie fulani anayefuga ng'ombe kabla ya jioni." Kwa jibu hilo yeye anapanga, na wewe huchimbi shimo la kufukia mboga siku ya tatu. Kufukia chakula ambacho umelipia dizeli kukileta ndiyo hasara kubwa kuliko zote katika biashara hii ya huruma, na picha yake ikisambaa, watoaji wanakimbia.

Neno benki katika kazi hii lilianzia Phoenix, Arizona, Marekani, mwaka 1967. John van Hengel, aliyekuwa akijitolea kwenye jiko la parokia, alikutana na mama mwenye watoto kumi aliyekuwa akiwalisha kwa vyakula vilivyotupwa nyuma ya duka. Mama huyo alisema pangekuwa na mahali pa kuweka chakula kinachozidi ili mwingine aje kukichukua, kama benki. St. Mary's Food Bank ikazaliwa. Barani Ulaya benki ya kwanza ilikuja Ufaransa mwaka 1984, na mtandao wa dunia, The Global FoodBanking Network, ukaanzishwa mwaka 2006. Neno hilo limeleta faida na kasoro yake. Benki ya fedha haikatai amana. Hii yetu lazima ikatae, maana amana yake inaoza.

Nafaka nayo ina hatari yake, na ni mbaya zaidi kwa sababu haina haraka. Mwaka 2004, Ukambani, mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu, na 125 wakafa, wengi kwa mahindi yaliyovunwa na kuhifadhiwa yakiwa na unyevu. Kila anayesimamia ghala la nafaka Afrika Mashariki anapaswa kuzijua namba hizo kwa moyo. Sumukuvu haitoki kwa kupika, haitoki kwa kusaga, na punje inaweza kuonekana nzuri ilhali inayo. Kiwango cha Afrika Mashariki kinaruhusu unyevu usiozidi asilimia 13.5 na sumukuvu isiyozidi sehemu 10 katika bilioni.

Mahindi yakifika, toa sampuli kwa bambo, kile chuma chenye ncha cha kutoboa gunia na kutoa punje, kabla gunia la kwanza halijashuka kwenye lori. Magunia kumi au pungufu, choma yote. Kuanzia 11 hadi 100, choma kumi bila kuchagua. Zaidi ya hapo, tafuta kipeuo cha pili: magunia 400, choma 20. Usichome yale ya mlangoni tu ambayo mtoaji ameyapanga mbele, kwa sababu ukungu hujikusanya mahali pamoja, pengine ndani ya magunia matatu yaliyonyeshewa. Kipima unyevu kikiwa kimekufa betri, kuna njia ya chumvi: chumvi kavu kiasi kwenye chupa kavu ya kioo, tia mahindi mpaka theluthi ya chupa, tikisa kwa dakika kadhaa, acha itulie. Chumvi ikishika kwenye kuta, unyevu umezidi asilimia 15, na mzigo urudi ulikotoka. Isiposhika, bado hujathibitisha 13.5. Umejua tu kwamba si mbichi kabisa, na kipimo halisi bado unakihitaji.

Baada ya hapo ni mambo ya kila siku ambayo mkurugenzi asiyeyakagua hawezi kushangaa yakiharibika. Magunia yakae juu ya paleti, yasiguse sakafu wala ukuta, na mtu aweze kupita nyuma yake akiwa na tochi. Kinachokaribia kuisha muda ndicho kitoke kwanza, hata kama kimeingia jana. Namba ya shehena iandikwe kwa kila kituo kilichopewa, ili kiwanda kikitangaza kurudisha bidhaa saa nne usiku, saa nne na nusu uwe unajua ni simu zipi za kupiga.

Chakula kilichopikwa cha hotelini, kwa maoni yangu, benki changa ikiache. Kinatakiwa kibaki juu ya nyuzi 60, au kishushwe hadi 21 ndani ya saa mbili na hadi 5 ndani ya saa nne zinazofuata. Sufuria kubwa ya pilau ikifunikwa na kuachwa mezani haifiki huko. Wali uliokaa vuguvugu huzalisha bakteria ambao sumu yao haiondoki kwa kupasha moto. Pwani kuna jambo jingine: jodari aliyekaa bila barafu hujenga histamini, kemikali inayomdhuru mlaji, na hata akikaangwa mpaka akauke, histamini ipo pale pale. Ukitaka kuchukua chakula cha hotelini, nunua kwanza kipimajoto cha kuchoma na trei zisizozidi kina cha sentimita 5 hadi 7, kisha ndipo uzungumze na mpishi mkuu.

Watoaji huogopa kushtakiwa, na woga wao una msingi. Marekani ilipitisha sheria mwaka 1996 inayomlinda mtoaji aliyetoa kwa nia njema, isipokuwa kama alifanya uzembe mkubwa. Ufaransa ilienda mbali zaidi mwaka 2016: maduka makubwa yanayozidi mita za mraba 400 yalitakiwa yawe na mkataba na shirika la misaada. Mahali ambapo kinga ya namna hiyo haipo, kinachobaki ni makubaliano ya kurasa mbili yanayosema nani alipima nini, saa ngapi, na nani aliupokea mzigo.

Kuna kisa cha kazi hii ambacho kinastahili kusomwa polepole. Mtandao wa benki za chakula wa Marekani, ambao leo unaitwa Feeding America na una benki zipatazo 200, ulikuwa ukigawa misaada ya viwanda kwa orodha. Benki iliyofikiwa zamu yake inapigiwa simu, inapewa saa chache kukubali au kukataa lori zima. Makao makuu hayakujua kilichomo ghalani mwa nani. Idaho, jimbo linalolima viazi kupita kiasi, lingeweza kuletewa viazi. Mwaka 2005, kwa ushauri wa wachumi wa Chuo Kikuu cha Chicago, walibadilisha. Kila benki ilipewa fedha za kubuni, nyingi zaidi kwa eneo lenye maskini wengi, na mara mbili kwa siku benki zikawa zinapigania mizigo kwa mnada. Fedha zilizotumika leo zinarudishwa usiku na kugawiwa upya. Benki ndogo zinaweza kukopa. Bei inaweza hata kushuka chini ya sifuri, yaani anayekubali kuchukua mzigo mgumu anaongezewa fedha.

Wapo wakurugenzi waliochukia wazo la soko kuingia kwenye kazi ya huruma, na chuki hiyo naielewa. Lakini mnada ulisema jambo ambalo orodha haikuwahi kusema. Tambi, nafaka za asubuhi na siagi ya karanga bei ilipanda juu. Mboga za majani na matunda zikashuka karibu na bure, kwa sababu benki nyingi zilikuwa nazo na zinaoza njiani. Wapokeaji walikuwa wanajua wanachohitaji muda wote. Hakuna aliyekuwa amewauliza.

Benki yenye vituo 40 Nairobi au Dar es Salaam haihitaji mnada. Inahitaji kuuliza, na kukubali jibu lisilopendeza. Ukiuliza, utaambiwa kwamba maharage makavu, chakula bora kuliko vyote kwenye rafu yako, yanarudishwa na vituo viwili vitatu. Si ujeuri. Maharage yasiyolowekwa huchukua saa mbili hadi tatu motoni, na kituo kinachonunua makaa kwa kopo hakina moto wa saa tatu. Ama uyatoe pamoja na fedha ya kuni, ama uyapeleke kwa shule yenye jiko la kuokoa nishati, ama ufundishe kuloweka usiku kucha na kumwaga maji. Ukiyagawa tu, yatauzwa sokoni, nawe utamlaumu mwalimu kwa kosa lako.

Vituo vikaguliwe bila taarifa, saa ya chakula. Usianze na ofisi wala daftari. Anza jikoni, tazama sufuria. Watoto 400 wakipewa uji robo lita kila mmoja, hiyo ni lita 100. Kama sufuria kubwa kuliko zote inaingia lita 40, muulize mpishi anapika mara ngapi. Mpishi hana sababu ya kudanganya, na jibu lake litakupa idadi ya kweli kuliko karatasi yoyote.

Fedha ndiyo sehemu inayowavunja moyo wengi. Mfadhili anapenda kununua unga, hapendi kununua dizeli, matairi wala mshahara wa mlinzi wa ghala. Mweke mbele ya hesabu. Tuseme lori na dereva ni shilingi 12,000 za Kenya kwa siku. Likibeba kilo 2,400 na asilimia 15 ikatupwa, kilo 2,040 zimefika, kila moja kwa shilingi 6 hivi. Siku likibeba kilo 600 na asilimia 20 ikatupwa, kilo 480 zimefika, kila moja kwa shilingi 25, na huenda mboga hiyo sokoni ni rahisi kuliko hapo. Siku kama hiyo ni bora lori lilale, fedha iende moja kwa moja kwa kituo kinunue kwa mama mboga wa jirani. Mkurugenzi awe na namba yake ya ukomo, kilo ngapi na kilomita ngapi, na msimamizi wa magari aweze kuitumia bila kumpigia simu.

Njia ya kufika kwenye kiti hicho ni ndefu, na inafaa iwe ndefu. Wanaodumu mara nyingi walianzia mlangoni mwa ghala wakipokea mizigo, wakawa waratibu wa vituo, kisha wasimamizi wa shughuli zote. Shahada ya lishe, ugavi au sayansi ya chakula inasaidia sana, lakini anayeletwa juu kwa kipaji cha kuomba fedha peke yake hukubali kila lori kwa sababu hajawahi kunusa gunia la siku ya tatu. Bodi inayoajiri mkurugenzi impe wiki nne za kwanza ndani ya lori. Kabla hajaweka saini yoyote, aandike pia sheria ya wafanyakazi kuchukua chakula: nani anaruhusiwa, kiasi gani, kwenye daftari lile lile la vituo. Mpakiaji anayebeba unga siku nzima na kurudi nyumbani mikono mitupu amewekewa mtego, na aliyeutega ni mwajiri.

Mwisho, kuna wenye njaa ambao ghala halipaswi kuwagusa peke yake. Mtoto wa miezi 6 hadi 59 ambaye mzunguko wa mkono wake wa juu uko chini ya milimita 115 ana utapiamlo mkali. Kati ya hapo na 125, ana utapiamlo wa wastani. Bonyeza sehemu ya juu ya nyayo zote mbili kwa kidole gumba sekunde tatu: shimo likibaki kwenye zote mbili, utapiamlo ni mkali hata kama mkono umenenepa. Mtoto huyo anahitaji kliniki na chakula cha tiba, na kumlisha mlo mzito ghafla kunaweza kumuua. Utepe wa rangi tatu wa kupimia mkono ukae kwenye gari la ugawaji, na namba ya kituo cha afya cha karibu ibandikwe kwenye mlango wake kwa ndani. Mama anayempeleka mtoto kliniki ameacha wengine nyumbani, na hao wanahitaji unga jioni hiyo hiyo. Dereva awe na ruhusa ya kuwapelekea bila kusubiri saini.